Kabla ya Kulipaka Gita Rangi

Mjomba wangu aliingia Butembo mwezi wa saba 2024 akiwa na godoro, sufuria mbili, mfuko wa maharagwe na gita. Alitoka Luofu, kusini mwa teritwari ya Lubero, siku chache baada ya Kanyabayonga na Kirumba kuingia mikononi mwa M23. Godoro, sufuria na maharagwe vilikuja juu ya chukudu. Gita alilibeba mwenyewe mgongoni, limefungwa kwa kitenge kama mtoto. Majirani wa pale tulipompatia chumba waliuliza kwa nini mtu anayekimbia vita abebe kitu kisicholiwa wala kisichofunika mwili. Swali lao lilikuwa la haki, na mjomba hakulijibu.

Nataka kulijibu mimi, kwa upande wa masomo yetu. Maoni yangu ni kwamba gita kuukuu, pamoja na mtu anayelipiga na nyimbo anazoimba nalo, ni hati ya lugha. Kitivo kinachosomesha lugha za Kiafrika mahali petu hakiwezi kuiacha hati hiyo kwa kisingizio kwamba ni mambo ya muziki. Nitaeleza kwa nini. Nitaeleza pia kosa nililofanya mimi mwenyewe kwa kulipenda gita lile vibaya.

Tuanze na sura yake. Ni gita dogo la nyuzi sita, lenye kiuno chembamba, la zile zilizotengenezwa viwandani kwa ajili ya watu wa mshahara mdogo. Uso wake ulipasuka zamani, na seremala akauziba ufa kwa kipande cha libuyu, chekundu juu ya mbao ya njano. Funguo mbili za kukazia nyuzi zimekatika vichwa, kwa hiyo anazizungusha kwa koleo. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, ni unyuzi mmoja uliochomolewa katika waya wa breki ya baiskeli. Ubavuni kuna doa jeusi la moto, pana kama kiganja.

Vijana wa kwaya walipoliona walicheka: hii imezeeka, ni ya kuni. Mimi nililitazama kwa namna nyingine. Karibu na tundu la sauti mbao imelika mahali pawili tu, pale linapopita dole gumba na pale kinapopita kidole cha shahada. Shingoni, mbao imelika chini ya vile vyuma vinne vya kwanza. Kuanzia cha tano kwenda mbele ni laini, kama imetoka dukani jana. Basi kabla hajapiga hata nota moja, nilikwisha kujua kwamba mwenye gita hili anapiga kwa vidole viwili, na kwamba anakaa karibu na kichwa, kwenye do, fa na sol. Alipoanza kupiga, ndivyo ilivyokuwa.

Sisi wa isimu tunaijua kanuni hii. Kinachotumika sana huchakaa. George Zipf alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba maneno yanayotumika mno huelekea kuwa mafupi. Kiswahili chetu cha mashariki ya Kongo kimeipoteza h ya «hapa» na ya «huyu» katika vinywa vya wengi, kwa sababu maneno hayo yanapita kinywani mara mia kwa siku. Hakuna mwalimu wa isimu anayesema kwamba «apa» ni uchafu wa kufutwa. Tunasema ni ushahidi. Mikwaruzo ya gita nayo ni ushahidi wa namna hiyohiyo: inaonyesha mkono ulipita wapi, na haukupita wapi.

Huko Marekani jambo hili limekuwa biashara. Tangu katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Fender inauza magita mapya yaliyokwaruzwa na kuchubuliwa kiwandani kwa makusudi, ili yaonekane yameishi. Na kuna kisa kimoja kinachotuhusu sisi Waafrika zaidi. Gita ambalo John Lennon alilipiga akiwa kijana wa Liverpool, mwaka 1957, kabla ya Beatles kuwa Beatles, lilikuwa Gallotone Champion, gita la bei rahisi lililotengenezwa Afrika Kusini. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya kiwanda iliyoahidi kwamba halitapasuka. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 100,000. Fedha ile haikulipia mbao, maana mbao zake hazikuwa za thamani. Ililipia mkono uliolishika.

Jina hilo la Gallotone ndilo lililokuwa pia kwenye sahani za santuri zilizotoa sauti ya Jean Bosco Mwenda. Mwenda alizaliwa 1930 na alitokea Bunkeya, kwa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na wimbo wake «Masanga» ukatoka kwa jina hilo la Gallotone. Mwenda alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada. Nyimbo zake na za Edouard Masengo zilifika Kenya, na wao wenyewe wakafika Nairobi, na vijana wengi wa huko wakajifunza kwa kuwasikiliza. Katika safari yake ileile ya 1952 Tracey alirekodi pia muziki wa Wanande, huku kwetu kando ya msitu wa Ituri. Kwa hiyo tusiseme kwamba mambo haya ni ya Katanga tu.

Sasa tuje kwenye sauti, na hapa nawapinga kwanza wanaokubaliana nami haraka. Watu husema ya kale dhahabu, na wapenda magita husema mbao ikikauka miaka hamsini inaimba kuliko mbao changa. Majaribio hayawaungi mkono sana. Claudia Fritz na wenzake waliwafunga macho wapiga fidla hodari, huko Indianapolis mwaka 2010 na karibu na Paris mwaka 2012, wakawapa fidla za zamani, zikiwemo za Stradivari, pamoja na fidla mpya. Wengi hawakuweza kuzitambua, na wengi walichagua mpya. Kwa magita, watafiti wa Lancaster, Uingereza, waliwapa wapigaji 52 magita sita yaliyotofautiana kwa mbao ya mgongo na mbavu tu, na kazi yao ikatolewa 2018. Wapigaji hawakuona tofauti ya maana kati ya mbao ghali na mbao rahisi. Kwa hiyo sitasema kwamba gita la mjomba linalia vizuri kwa sababu ni la zamani.

Nasema kwamba linalia kwa ufupi, na ufupi huo una kazi. Chini ya uso wa magita mengi ya bei rahisi ya zamani, vijiti vya kuimarisha mbao vimepangwa kukingama, kimoja baada ya kingine, kama vidato vya ngazi. Magita makubwa ya leo hufuata zaidi mpango wa vijiti viwili vinavyopishana kama msalaba uliolala, ambao kiwanda cha Martin huko Pennsylvania kilianza kuutumia katika miaka ya 1840. Gita dogo lenye ngazi ndani yake halina besi nyingi. Nota yake inaruka ghafla, inakuwa kavu, halafu inakufa. Mtu anayetaka sauti ijae kanisa zima ataiona ni kasoro.

Lakini fikirini mwimbaji wa Kiswahili. Silabi zetu nyingi ni konsonanti na vokali, konsonanti na vokali, na ubeti mmoja hubeba silabi nyingi. Nota inayokufa mapema inaiachia silabi nafasi yake. Kinanda cha umeme kinachoshikilia mlio mmoja chini ya mstari mzima kinaijaza kila nafasi, na konsonanti zinazama humo. Katika Kinande jambo ni zito zaidi, kwa sababu toni inabeba maana, kama alivyoonyesha Ngessimo Mutaka katika kazi zake juu ya toni ya lugha hiyo. Mjomba akiimba Kinande, uzi wa kwanza unafuata sauti yake ikipanda na kushuka, na unairudia baada yake kama mtu anayeitikia.

Nilijifunza hilo kwa njia isiyopangwa. Nilimnunulia nyuzi mpya sokoni, seti nzima, kwa kuwa waya wa breki niliuona kama alama ya umaskini. Kweli ni alama ya umaskini: aliuweka kwa sababu Luofu hazikuuzwa nyuzi. Alinishukuru, akaweka tano. Ya sita aliirudisha katika karatasi yake. Akaupiga ule waya mara mbili, akasema:

«Mpwa wangu, hii ndiyo inatamka.»

Hakusema inalia, wala ina sauti nzuri. Alitumia kitenzi tunachokitumia sisi darasani.

Na si hicho tu. Funguo za nyuzi anaziita masikio. Kabla ya kuimba anaziamsha nyuzi, na zikilegea anasema zimelala. Gita dogo ni «kagita», kwa kiambishi ka- ambacho Kiswahili chetu kinakitumia bila aibu. Yeye anapiga gita, kama Waswahili wanavyopiga ngoma, zumari na kinanda. Vijana wa kwaya wanacheza gita, kwa mfano wa Kifaransa. Anasema «gita hii», nami hapa naandika «gita hili», na kati ya hii na hili kuna mjadala mzima wa ngeli ambao mwanafunzi wa mwaka wa pili angeweza kuuandikia kazi nzuri.

Nitoe mfano mmoja unaonisumbua zaidi. Katika mazungumzo mjomba anasema «watu», kama wengi wa Butembo na Lubero. Katika nyimbo anachanganya: mara «watu», mara «batu». Nilidhani ni athari ya nyimbo za redio. Nilipoandika nyimbo tatu silabi kwa silabi, nikiweka alama pale dole gumba linapopiga uzi mnene, niliona kwamba «batu» inakuja karibu kila mara pamoja na pigo la dole gumba, na «watu» inakuja kati ya mapigo. Nilimwuliza. Akajibu kwamba «ba» inapiga, «wa» inapita. Nyimbo tatu si nyingi, na mzungumzaji mmoja hathibitishi kanuni. Hata hivyo hapo pana swali la kweli la fonolojia, na swali hilo halionekani kabisa kwa mtu anayeandika maneno bila kuandika nyuzi.

Nilipopendekeza mada ya namna hii niliambiwa mambo mawili: kwamba nyimbo za gita ni za wanamuziki, na kwamba lugha yake si Kiswahili sanifu. Sitaji aliyesema, kwa kuwa wengi wetu tungesema hivyohivyo. Nayajibu yote mawili.

La kwanza linajibiwa na historia. Uchambuzi wa kwanza wa kina wa upigaji wa Mwenda, uliotolewa 1961 na 1962 katika jarida «African Music», uliandikwa na David Rycroft. Mtu huyo alikuwa mwalimu wa lugha za Kibantu katika Chuo Kikuu cha London. Aliyekaa na santuri akaandika kila nota ya vidole viwili vya Mbayeke alikuwa mwenzetu, mtu wa isimu. Miaka 20 baadaye John Low alichapisha kitabu cha safari yake ya kwenda Shaba kujifunza kwa Mwenda, Masengo na Losta Abelo. Mwenda akafariki 1990. Waliotoka mbali walifika kwa wakati. Sisi tunaokaa siku moja ya barabara kutoka kwa wapigaji wetu bado tunajadili kama jambo hili ni la kitivo chetu.

La pili linajibiwa na rafu za maktaba. Mwaka 1965 watu waliokuwa watumishi wa nyumbani huko Elisabethville waliandikiwa historia ya mji wao na mwenzao André Yav, kwa Kiswahili chao, chenye tahajia yao. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa upya pamoja na tafsiri na maelezo, na leo anayesoma Kiswahili cha Kongo hawezi kuipita. Haikuwa sanifu, na ndiyo maana ina thamani. Usanifu nauheshimu, nimeandika makala hii nikijaribu kuufuata. Lakini kama tunachambua lugha iliyokwisha kupigwa pasi tu, tutakuwa tunaisoma pasi.

Sasa nieleze kosa langu. Mwezi wa kumi mjomba aliniambia anataka kulipaka gita rangi. Fundi mmoja wa mtaa wetu alikuwa tayari, rangi nyeusi inayong'aa, kazi ya siku moja. Nilikataa kana kwamba gita ni langu. Nilimweleza mambo yote niliyoyaandika hapo juu: mahali pawili palipolika, vyuma vinne, kipande cha libuyu, Lennon na pauni zake. Nilimwambia rangi nzito inafunga mbao. Nilimwambia kwamba doa lile la moto ni historia. Aliniachia nimalize.

«Wewe unaona hadisi,» akasema. «Mimi naona ule usiku.»

Usiku ule ni wa mwezi wa nne 2009, wapiganaji wa FDLR walipoingia Luofu na kuchoma nyumba za watu. Nilikuwa mtoto wa miaka minane. Nakumbuka mwanga, na nakumbuka kwamba tulikaa kimya. Gita lilikuwa limetundikwa ukutani, na mjomba alilitoa baada ya kuwatoa watu. Kwa miaka 15 amelishika gita lile huku mkono wake wa kulia ukilala juu ya doa hilo. Nilikuwa nimesoma kila alama juu ya mbao ile, isipokuwa nilisahau kumwuliza mwenyewe inamfanyia nini.

Nadhani sisi watu wa lugha tunalifanya kosa hili mara nyingi. Tunamtaka mzee aseme Kinande cha zamani, asichanganye, asibadilike, kwa sababu kinatupendezea na kinatufaa katika jedwali. Tunakasirika akisema neno la Kifaransa. Tunataka abaki na mikwaruzo yake ili sisi tuisome. Lakini lugha ni yake kama gita lilivyo lake. Kazi yetu ni kuandika kilichopo, mapema na vizuri, ili mwenyewe abaki huru kukibadilisha.

Ndivyo tulivyofanya. Kwa wiki moja fundi alisubiri. Nilipiga picha gita pande zote, na rula kando yake. Nilirekodi kila uzi peke yake, kisha nyimbo 11 na maneno yake, mjomba akinisahihisha nilipokosea kuandika. Nilimwuliza majina ya kila sehemu ya gita na ya kila namna ya kupiga. Mwishoni nilimwuliza kama ninaweza kuzungumzia doa lile katika maandishi. Alifikiri mpaka kesho yake, akakubali, kwa sharti kwamba jina lake lisiwemo. Kisha gita likapakwa rangi. Sasa ni jeusi lote, na sauti yake imekuwa nzito kidogo. Waya wa breki bado uko mahali pake.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linaloomba bajeti. Kwanza, kitivo kikubali nyimbo za gita kama matini halali kwa kazi za mwisho wa lisansi, kwa masharti yaleyale ya matini nyingine: kurekodi, kuandika silabi kwa silabi, kufasiri, kueleza. Pili, kila mwanafunzi anayetoka Luofu, Kayna, Lubero, Beni au kwingineko atafute mpigaji mmoja katika familia au mtaa wake mwaka huu. Wengi wao wamekimbia makwao, na wako hapa mjini, katika vyumba vya kupanga na kwa ndugu. Tatu, nakala zihifadhiwe mahali pawili, moja kitivoni na moja kwa mwenye nyimbo, na mwenye nyimbo ndiye aamue nani azisikie.

Wengine watasema kwamba watu waliokimbia wanahitaji unga kabla ya isimu. Ni kweli, na mjomba angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini alikuwa na mgongo mmoja, na juu ya mgongo huo aliamua mwenyewe cha kubeba. Mimi nina simu na daftari. Rekodi za nyimbo zile 11 ninazo, na kwa ruhusa yake anayetaka kusikiliza na kunisaidia kuhakiki «batu» na «watu» aje siku ya Alhamisi baada ya somo la fonolojia. Aje na visikizio, maana darasa lile lina kelele.